Nyumba ya Mnada, Nyumba ya Rangi Mpya

Kuta nyingi za Dar es Salaam zina tangazo la mkono: "Nyumba hii haiuzwi. Ogopa matapeli." Mwenyeji wa jiji hashangai akiliona, kwa sababu anajua visa vya watu waliosafiri, wakarudi na kukuta nyumba zao zimeshapata mnunuzi, mkataba na mashahidi wawili. Lakini kaka mkubwa wa kisa hiki alipofika Kinyerezi kuitazama nyumba aliyokuwa ameishinda mnadani, tangazo lilikuwa bado bichi, rangi inachuruzika, na tapeli aliyekusudiwa alikuwa yeye.

Risiti alikuwa nayo mfukoni. Mambo yote yalikuwa yamekwenda kwa utaratibu: mkopaji alipewa notisi ya siku 60, akashindwa, tangazo la mnada likatoka kwa zaidi ya zile siku 14 zinazotakiwa, gari la spika likapita mtaani likiwaeleza watu jambo ambalo tayari walikuwa wakilinong'ona. Nyundo ilipogonga, kaka alilipa asilimia 25 papo hapo, na iliyobaki akaikamilisha ndani ya siku 14, baada ya kuwasumbua ndugu wote wenye akiba na wawili wasio nayo. Masharti yalisema nyumba inauzwa kama ilivyo na mahali ilipo. Hakuna aliyemfafanulia kwamba ukimkuta mtu sebuleni anakunywa chai, naye ni sehemu ya hivyo ilivyo.

"Karibu, mgeni," alisema mwenye nyumba wa zamani, kwa ukarimu uliomtia kaka aibu. "Chai ipo. Nyumba ndiyo haipo."

Kisha akatokea mama mwenye nyumba, akasema hajawahi kutia saini karatasi yoyote ya benki. Hapo chai ilipoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na mahakama za Tanzania zimesikiliza kesi za namna hiyo hadi mawakili wanazijua kwa moyo. Mnunuzi wa nia njema ana ulinzi wake katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ni kweli. Lakini ulinzi wa sheria si funguo za mlango.

Sheria hiyohiyo ina kipengele ambacho wapenzi wa bei ya kutupa wangefaa kukisoma kabla ya kwenda mnadani. Nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, huchukuliwa kwamba benki haikutimiza wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo, na mkopaji anaweza kuiomba mahakama itengue mauzo. Kwa hiyo yule anayetoka mnadani akicheka kwamba "nimeokota" ndiye mwenye sababu kubwa ya kukosa usingizi. Kaka alipiga hesabu akakuta amepunguziwa asilimia 22. Hakuwahi kufurahi namna ile kwa kutopunguziwa zaidi.

Shauri liliisha kwa maelewano na kiasi fulani cha fedha ya kuhamia. Familia iliondoka kwa heshima, ikaondoka pia na milango, vitasa, sinki la jikoni, soketi zote na kamba ya kuanikia nguo. Iliacha jogoo mmoja ambaye hakutajwa kwenye tangazo la mnada.

Fundi umeme alipomaliza kurudisha soketi, kaka alinunua umeme wa LUKU wa shilingi 20,000. Hakupata hata uniti moja. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia mita, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Mita ikikaa kimya miaka miwili, deni ni 36,000, na mita haiulizi nani alikuwa akilala humo. Usiku ule alilala gizani na jogoo.

Mdogo wake alicheka sana. "Kaka, mimi sinunui kesi. Nanunua nyumba." Akampata dalali, akamlipa hela ya kuoneshwa, akazungushwa kwenye nyumba ambazo dalali mwenyewe alikuwa anaziona kwa mara ya kwanza, hadi wakafika Mbezi. Ilikuwa Januari, jua kali. Nyumba ilikuwa imekarabatiwa kila kona: kuta zimepigwa skimu, marumaru zinang'aa, dari ya jipsam yenye taa za kubadilika rangi, na juu yake lile paa la kuficha ambalo siku hizi kila mwenye kiwanja analitaka. Akalipa, akahamia, akamwalika kaka yake aje aone nyumba yenye milango.

Machi masika ikaanza.

Paa la kuficha lina siri moja ambayo picha za mtandaoni hazioneshi. Bati limelazwa karibu bapa, limezungukwa na ukuta pande zote, na maji yote yanategemea gata na tundu lake la kutokea. Majani ya mwembe wa jirani yakiziba tundu, maji hayana pa kwenda ila chini. Jipsam ya sebuleni ilivimba kama andazi, ikaning'inia siku kadhaa huku familia ikipita pembeni kwa adabu, kisha ikashuka yote juu ya kochi. Kuta nazo zikaanza kutoa chumvi, kwa kuwa aliyejenga hakuweka nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, na aliyekarabati aliona skimu ni dawa tosha. Mdogo mtu alikuwa amelipia skimu ile kwenye bei ya nyumba. Sasa akalipia kuikwangua.

Mvua ikaosha pia rangi ya ukuta wa nje, na chini yake ikachungulia rangi nyekundu. Mtu wa Mbezi hawezi kuona wekundu ukutani akatulia. Mwaka 2017 mamia ya nyumba zilizowekwa alama nyekundu ya X zilibomolewa kuanzia Kimara hadi Kiluvya ili kupanua Barabara ya Morogoro. Alikwangua kwa kisu, jasho likimtoka, mpaka alama ikajitokeza yote. Lilikuwa tangazo la soda.

Mwandishi wa makala haya angechagua ya mnada, mradi mtu apekue kwanza hati kwa msajili, kisha amuulize mjumbe na majirani ni nani analala mle ndani. Nyumba isiyo na milango haimdanganyi mtu kuhusu milango. Ile ya rangi mpya ni ya kwenda kuitazama Aprili, kwa ngazi, mvua ikinyesha, dalali akiwa amekushikia mwavuli.

Ndugu hao bado wanabishana nani amelipa kidogo. Kaka anasema yeye, kwa tofauti kubwa, na ana hesabu ya kuthibitisha. Mkewe naye ana daftari lenye nauli za mahakamani, fedha ya kuhamia, na wali maharage wa mafundi na saidia fundi wao kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa hesabu ya daftari, wamezidiwa na shemeji wa Mbezi kwa kitu kidogo tu. Kaka hakubali wali uhesabiwe.