Samurai wa Kushoto

Hapa Kongolo, mpe mzee kikombe kwa mkono wa kushoto uone kama hutaulizwa ulilelewa na nani. Wachapishaji wa Marekani, basi, wakimhurumia msomaji asihangaike kuanza kitabu upande wa kulia, walizigeuza kurasa za manga, katuni za Kijapani, kama kwenye kioo. Akira ilitoka hivyo mwaka 1988, na rangi ikapakwa juu. Samurai wa watu wakachomoa panga kwa kushoto! Mwaka 2002 wachapishaji Tokyopop waliacha kugeuza, wakajisifia uhalisi. Sasa msomaji wa Kiingereza akianza alikozoea, anakuta onyo: geuka, huku ni mwisho. Ukishuka na mto Lualaba hadi Kasongo, zamani Waungwana, watu wa mfanyabiashara Tippu Tip, waliojua herufi za Kiarabu walianzia kulia, bila kibao.