Jinsi ya Kutengenezesha Friji Karatu Bila Kuuza Mbuzi

Fundi akitamka neno "gesi" kabla hajaligeuza friji akaona mgongo wake, mkaribishe chai, mshukuru kwa kuja, halafu mpigie simu mwingine. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya bodaboda. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyochomelewa kiwandani, na friji lisilo na kasoro hufika uzeeni na gesi ile ile liliyozaliwa nayo. Ikipungua, pana tundu mahali. Asiyelitafuta tundu anakuuzia gesi ya wiki chache, kisha atarudi kukuuzia nyingine, nawe utamlipa kwa sababu mara ya kwanza "alilitengeneza vizuri tu".

Basi ujue kwanza unalipia nini. Bei ya kutengeneza chombo chochote cha nyumbani ina vipande vinne: hela ya kuangalia, spea, ufundi na usafiri. Ukitajiwa bei moja ya jumla, "laki na ishirini mama, namaliza kila kitu", mwombe akuchanganulie. Tuseme anasema spea ni 60,000, ufundi 45,000 na nauli 15,000. Hapo una la kufanya. Soma namba iliyoandikwa kwenye spea mbovu, pigia duka la Arusha, uliza bei ya spea yenyewe na bei ya kuituma kwa basi la jioni. Kama duka linasema 35,000, mnaongea mkiwa mmekaa, bila kugombana. Na ukituma hela kwa simu, weka na ya kutolea, maana hiyo nayo itatoka mfukoni mwa mtu.

Kipande tunachokibania sana ni hela ya kuangalia. Fundi amepanda kutoka mjini hadi Rhotia, amefungua, amepima, amefunga, halafu mwenye nyumba anasema, "Si umeangalia tu?" Mimi nasema ilipe, na uilipe kwa moyo mweupe. Fundi anayelipwa akitengeneza tu, asiyelipwa akichunguza, hana njia ya kukuambia ukweli pale ukweli unapokuwa "chombo chako ni kizima". Akisema hivyo anarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo atatafuta cha kubadilisha, na kitapatikana. Bahili wa elfu kumi ya kuangalia ndiye anayelipa laki ya gesi isiyohitajika. Kubalianeni kiasi hicho kwenye simu, kabla hajawasha pikipiki.

Na huku kwetu friji zima linalodhaniwa bovu ni jambo la kweli kabisa, hasa kwa ndugu zetu wanaoishi ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Karatu mjini tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukingoni ni kama mita 2,300, na usiku wa Juni na Julai baridi ya kule inaingia hadi kwenye mifupa. Sasa friji la milango miwili la bei ya kawaida mara nyingi lina kipimajoto kimoja tu, nacho kimekaa upande wa chini, kwenye mboga na maziwa. Nyumba ikiwa na baridi, upande ule hauhitaji kupozwa, kipimajoto kinatulia na mota haiwaki. Huku juu, kwenye barafu, nyama inayeyuka. Mama anafungua asubuhi, anakuta damu imechuruzika, anapiga simu: "Fundi, friji halishiki." Naye aliye upande wa pili, bila kuliona, anajibu kwa herufi nne tunazozijua.

Kabla hujapiga simu hiyo, angalia karatasi iliyobandikwa ndani au nyuma ya friji. Utakuta herufi za tabianchi: T ni kwa chumba chenye joto la nyuzi 16 hadi 43, ST ni 16 hadi 38, N ni 16 hadi 32, na SN ni 10 hadi 32. Friji la T lililotengenezwa kwa ajili ya joto la Dar es Salaam, ukaliweka kwenye stoo ya nyumba ya ukingoni, halina ugonjwa ila limewekwa mahali pasipolifaa. Lihamishie jikoni kunakopikwa. Kama ulililaza wakati wa kulibeba, liache limesimama saa kadhaa kabla ya kuliwasha. Usikilize siku nzima. Likianza kuwaka na kugandisha, umetengeneza friji kwa shilingi sifuri, na hapo ndipo ninapofurahi mimi.

Lawama nyingine nyingi ni za umeme. Vyombo vyetu vimetengenezwa kwa volti 230. Umeme ukishuka sana, kompresa inajaribu kuanza, inanguruma, inashindwa, inapata moto, na kinga yake inakata: tak. Baada ya dakika chache inajaribu tena: tak. Mlio huo hauna maana kwamba kompresa imekufa. Mwambie fundi aanze na relei, kile kidude cha ukubwa wa kiberiti kilichochomekwa ubavuni mwa kompresa. Umeme ukiwa umezimwa, aichomoe na kuitikisa karibu na sikio lako. Ikichakacha, kuna kitu kimevunjika ndani. Relei ni spea ya bei ndogo. Kompresa ni kipande ghali kuliko vyote kwenye friji. Wapo watu waliolipia kompresa nzima kwa kosa la relei, na kompresa yao ya zamani, nzima kabisa, sasa inapoza soda kwa mtu mwingine.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika tano ndipo uchomeke, au nunua kile kifaa cha ukutani kinachosubiri kwa niaba yako na kukata volti zikiwa mbaya. Mgongo wa friji upigwe brashi kila kiangazi, maana vumbi jekundu la Karatu likijaa kwenye vyuma vile joto halitoki na mota haipumziki. Mpira wa mlango upime kwa noti ya 1,000: ibane mlangoni, ivute. Ikitoka bila kukazwa, baridi nayo inatoka hapo hapo, usiku na mchana, na uniti za LUKU zinaifuata. Mpira uliokakamaa aghalabu hulainika kwa kitambaa cha maji ya moto.

Runinga nayo ina sauti bila picha? Zima taa za chumbani, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa karibu. Ukiona watu wanasogea kwa mbali gizani, kioo ni kizima. Zilizokufa ni taa za nyuma, na hizo zinabadilishwa. Kioo kikipasuka, usitume hata kianzio, kwa sababu bei yake husogelea bei ya runinga mpya.

Wa ndani ya hifadhi mna kipande cha tano cha bei: muda. Fundi wa Karatu anapita lango la Loduare asubuhi na lazima awe amerudi kabla halijafungwa jioni. Akipanda, akagundua hana spea, mmelipa safari mbili kwa kazi moja. Kwa hiyo mtumieni mapema picha ya ile karatasi ya nyuma na video yenye mlio wa friji. Ulizeni na majirani: nani ana pasi mbovu, nani mashine yake ya kufulia haitoi maji? Mkusanye vyombo vya nyumba tatu, nauli igawanywe.

Kuhusu kununua jipya, kipimo changu ni hiki: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya chombo kipya cha aina hiyo, na cha zamani kimeshapita miaka kumi, acha. Chini ya hapo, tengeneza, ukimtafuta fundi mwenye mkono safi, awe wa chuo au wa mtaani. VETA huwapima na kuwapa vyeti hata mafundi waliojifunzia kazi mtaani, na wapo wanaostahili kila shilingi wanayoiomba.

Kama kweli gesi inawekwa, mwambie akuonyeshe tundu kwanza. Filta ibadilishwe, mfumo unyonywe hewa kwa pampu, ndipo gesi iingie kwa kupimwa. Ukiona karatasi imeandikwa R600a, gesi hiyo inashika moto: madirisha wazi, jiko limezimwa, watoto nje.

Mwisho wa kazi, chukua spea ya zamani mkononi, na kwenye karatasi muandike tarehe, kilichobadilishwa, bei ya kila kipande na muda ambao fundi anaahidi kurudi bure. Risiti ya dukani ipige picha siku hiyo hiyo, maana maandishi ya mashine za EFD hufifia kabla waranti haijaisha. Friji likilia tak tena wiki ijayo, mpigie yeye yule yule, na mtu mwingine asilifungue mpaka afike.