Mwongozo wa Kitufe Kimoja
Mwenzetu kaambiwa aandike mwongozo wa pampu ya maji. Kurasa 4, basi. Akasema Word ni ya makarani. Yeye atatumia DocBook, lugha ya lebo za kuandikia nyaraka za kiufundi, iliyoanza mwaka 1991, ili maneno yakae mbali na mapambo. Wiki ya tatu hii anasaka lebo aliyoifungua asiifunge, maana DocBook huandikwa kwa XML, na XML haina msalie Mtume: mkwaju mmoja ukikosekana, faili zima linagoma. Nikamtajia Markdown ya John Gruber, ya 2004: weka alama ya reli (#), kichwa cha habari tayari. Kaniangalia kana kwamba nimemwekea biriani bila nyama. Nimechungulia faili lake: lebo juu ya lebo, na katikati sentensi moja imejibanza, "Bonyeza kitufe chekundu." Pampu yenyewe fundi keshaiwasha, tangu Jumanne ile ya kwanza.