Magoti ya Mlimani

Mimi mtu wa Bijombo. Kule juu milimani maji tunayoyajua ni ya mvua na ya bidoni. Ng'ombe wetu wenyewe wanavuka kijito kwa kulalamika. Sasa nani alinituma ziwani? Simu! Mdogo wangu alinionyesha video: mzungu kasimama juu ya ubao, kasia mkononi, anateleza majini kama anayeenda misa. Nikasema, hicho tu? Wavuvi wa Uvira si wanasimama mtumbwini tangu enzi za babu zao?

Ubao sina. Nikakodi mtumbwi Kalundu, hapo Uvira, franga elfu mbili kwa asubuhi moja. Mwalimu nikapewa bure: mtoto wa miaka tisa. "Papa, usitazame miguu. Tazama Burundi." Nikatazama Burundi. Nikaanguka nikiitazama. Wanasema Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Mimi nilianguka penye maji ya kiuno, nikapiga kelele za mita zote.

Nikajiapiza: mazoezi kila siku, mwezi mzima, saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbaya hiyo, jamani. Ndiyo saa wavuvi wanarudi na ndagala, na wakina mama wamejaa ufukoni wanangoja kununua. Mama mmoja aliacha kubishana bei ili ahesabu ninavyoanguka. Kesho yake walikuwa wanahesabu wote, kwa sauti, kama darasa.

Wiki ya pili mtoto akagundua nimeshika kasia kichwa chini. Siku zote hizo nilikuwa napiga maji kwa mpini! Nikageuza. Nikaanguka kwa kasi zaidi. "Ekilibre, papa! Kunja magoti! Kushoto mara tatu, kulia mara tatu!" Magoti yangu ya mlimani yanajua kupanda tu. Kuchezacheza papo hapo hayajawahi kuombwa.

Siku ya ishirini na sita, nikasimama. Wima! Dakika moja. Mbili. Mtumbwi hautikisiki hata kidogo. Wakina mama kimya. Nikapunga mkono. Nikamwita mdogo wangu alete simu, apige picha, aitume Bijombo nzima.

"Papa," mtoto akasema polepole, kwa heshima, "uko juu ya ukuta. Hii ni nyumba, ile iliyomezwa na maji 2024."

Nikamwomba anisukume. Akasukuma.

"Arobaini na tatu!" wakaitikia wakina mama.