Yupo Tu Nyumbani

Barua iliyoniruhusu kufanya kazi nyumbani siku mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, ina sahihi mbili: yangu na ya meneja wangu. Niliiweka kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya mapacha wangu, Kulwa na Doto, kwa sababu nilihangaika kuipata karibu sawa na nilivyohangaika kuwapata wao.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mimi nilipata 100. Baba Kulwa alipata 3, tena alitakiwa azichukue ndani ya siku 7 tangu watoto wazaliwe. Siku ya nne akarudi zamu, nikabaki na watoto wawili na mikono miwili.

Niliporudi kazini, sheria hiyohiyo iliniruhusu kunyonyesha kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Lakini sisi tunakaa Mbezi na ofisi iko Posta. Unapanda daladala hadi Kimara, unaunga na basi la mwendokasi, na siku njema unatumia saa moja na nusu kwenda tu. Saa zangu mbili zisingetosha hata kwenda na kurudi. Nikawa nakamua maziwa kwenye chumba cha mafaili, mlango nimeuegemezea kiti. Nilivumilia hivyo miezi mingi. Kwa hiyo nilipoomba Jumanne na Alhamisi, sikuwa naomba nafasi ya kupumzika. Nilikuwa naomba nirudishiwe saa tatu ninazoziacha barabarani.

Basi, Alhamisi moja ya mwisho wa mwezi, mapacha wakiwa wanakaribia miaka miwili, dada anayetusaidia alikuwa amekwenda msibani kwao Singida. Mimi ndiye ninayeandaa mishahara ofisini: ya walinzi, wafagizi na madereva. Orodha ilitakiwa ifike benki kabla ya saa tisa alasiri, la sivyo watu wangeanza Jumamosi na Jumapili bila hela mfukoni. Kabla ya hapo kulikuwa na kikao cha saa nne, kwa kompyuta.

Saa kumi na mbili asubuhi Baba Kulwa alikuwa anafunga viatu. “Mama Kulwa, fundi bomba atakuja. Si leo upo?”

Saa moja jirani wa nyuma akaniachia ufunguo, kijana wa gesi akija nimfungulie, maana leo nipo. Saa mbili mama mkwe akapiga simu kutoka Kyela. “Mwanangu, mchele nimeutuma kwa basi la jana. Uko stendi ya Magufuli hapo jirani yenu. Nimeambiwa leo upo tu nyumbani, uupitie kabla watu hawajauchukua.”

Nikaitikia, “Sawa, mama.” Kote niliitikia sawa. Hakuna aliyeniomba kwa ubaya, na mchele wa Kyela wenye harufu ile ni mapenzi ya mtu aliyelima akatukumbuka. Lakini hiyo “tu” ilinichoma. Kwao nikiwa Posta niko kazini, nikiwa Mbezi nipo tu, ingawa orodha ya mishahara ni ileile na tarehe ni ileile.

Fundi alifika saa nne kasoro. Akaniambia nijaze ndoo kabla hajafunga maji, nikajaza tatu pale koridoni. Mapacha nikawapa vikombe na sufuria wachezee, nikafungua kompyuta. Kikao kilikuwa kimeanza vizuri, nasoma marekebisho ya saa za ziada za walinzi, mara mashine ya fundi ya kutobolea ukuta ikanyamaza, feni ikasimama, intaneti ikapotea. Uniti za umeme za LUKU zimekwisha.

Nikaingia tena kikaoni kwa simu, iliyokuwa imebaki na chaji asilimia 11, na kwa simu hiyohiyo nikanunua uniti nyingine. Ujumbe ukaja na tarakimu zake 20. Nikaenda kwenye soketi iliyo karibu na mlango, pale inapokaa rimoti ya LUKU ya kuingizia tarakimu hizo. Haikuwepo. Koridoni kulikuwa kimya, na mwenye watoto wa umri ule anajua ukimya wa namna hiyo una maana gani. Kulwa alikuwa ameshika waya, Doto ameinamia ndoo na kikombe mkononi, rimoti imelala chini ya maji.

“Oga,” Doto akanieleza.

Sikumpiga. Nilikaa sakafuni kwenye maji, machozi yakanitoka, wao wakaja kunipangusa kwa vile viganja vilivyolowa. Simu mfukoni ilikuwa bado kikaoni, sauti ikauliza, “Tunasikia maji. Uko wapi?”

Nikambeba Kulwa mgongoni kwa kanga, Doto nikamweka kiunoni, kompyuta nikaitia kwenye kapu la sokoni, nikavuka barabara hadi kwa mama mwenye duka. Sikumaliza hata kueleza. Akawapokea watoto, akasogeza kreti za soda, akachomoa waya wa friji yake ili nipate umeme. “Wewe fanya kazi yako. Hawa niachie.” Juisi zake za pakiti, zile za barafu wanazonunua watoto wakitoka shule, ziliyeyuka zote mchana ule, na nilipotaka kumlipa alikataa. Orodha ilifika benki saa tisa kasoro dakika kumi.

Baba Kulwa alirudi jioni, akakuta giza, ukuta una tundu, bomba halijafungwa. Akauliza kwa upole kabisa, “Mchele je?”

Nilichukua ile bahasha, nikampa barua na tochi. Akaisoma kimya hadi chini.

“Kuna sahihi mbili hapo,” nikamwambia. “Yako iko wapi?”

Tulikaa mpaka usiku sana. Nilikuwa nimekubaliana na ofisi kuhusu nyumba ambayo sikuwa nimekubaliana nayo. Na jambo lililoniuma zaidi ni kwamba kwa miezi yote ile mpango wangu ulikuwa umeegemea mgongo wa dada, binti wa watu, ambaye hakuna aliyemuuliza Alhamisi yake inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi. Sheria inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Tukahesabu zake kwa vidole, tukaona aibu. Aliporudi kutoka Singida tulimkalisha nasi mezani, tukapanga upya saa na mshahara wake.

Kwa upande wake, Baba Kulwa alitakiwa aombe kubadilishiwa zamu siku ya Alhamisi, aingie mchana. Alizunguka na jambo hilo siku mbili.

“Nitamwambia msimamizi nini? Kwamba nalea?”

“Ndiyo. Mwambie unalea.”

Akamwambia. Alhamisi iliyofuata nilikuwa chumbani, mlango umefungwa, nikasikia simu yake inaita sebuleni. Kulwa analia, Doto anagonga sufuria. Alikuwa mama mkwe, anamtafuta mkwewe.

“Mama Kulwa yupo kazini, mama. Akitoka saa saba nitamwambia.”

Kimya kidogo. Kisha sauti ya mama, ambayo haijawahi kuhitaji spika ili isikike nyumba nzima: “Kazini wapi, baba? Mbona huyo namsikia anaongea?”

“Humu humu, mama,” akasema. “Ngoja nimbembeleze huyu, nitakupigia.”