Mangi Hanunui Ufundi, Ananunua Saa Tatu Usiku

Safu ya Mjomba wa Spika. Barua za leo zimetoka Kwa Sadala na Moshi mjini. Majina yamefichwa kwa heshima ya waandishi na ya wazazi wao.

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni DJ chipukizi, naishi Kwa Sadala. Nimemaliza demo yangu ya kwanza: dakika 90, ngoma 64. Kuna king'ora, kuna milio ya bunduki, na jina langu linatajwa kwa sauti ya Kizungu kila ngoma inapobadilika. Nimesambaza flashi kwenye klabu na baa zote kubwa za Moshi. Huu ni mwezi wa tatu na simu haijalia. Wenzangu wote wanasema demo ni moto. Je, nimerogwa? — Aliyekata Tamaa*

Marahaba, mdogo wangu. Hujarogwa. Mchawi mwenye nia ya kukuharibia angelazimika kwanza kuisikiliza hiyo demo, na dakika 90 hakuna mchawi wa Hai mwenye nafasi nazo. Tatizo lako ni la anwani: umewatengenezea wenzako, halafu ukampelekea mangi mwenye baa. Hao wanaokusifu ni ma-DJ au wanatamani kuwa ma-DJ, na sikio lao linafuata namna unavyotoka ngoma hii kuingia ile. Mwenye baa hana sikio hilo, na wala halihitaji. Baa nyingi za huku hazitozi kiingilio. Hela yote inapita kaunta. Kwa hiyo anachokijua yeye ni kwamba kuna saa kreti zinaisha haraka, na kuna saa mhudumu ameegemea friji anachezea simu. Swali lake kwako ni moja tu: hiyo saa ya pili unaweza kuigeuza ikawa ya kwanza? Demo yako imejibu kila kitu isipokuwa hilo. Mama anayeuza ndizi sokoni hapo kwenu humuuliza mteja kwanza anakwenda kuzifanyia nini, ndipo anamwonyesha mshare au kisukari. Wewe umemtupia mteja mikungu 64 kwa mpigo, na king'ora juu yake.

Usidhani huu ni ushauri wa mtu asiyependa sanaa. Sanaa yenyewe ilianzia hapo. Tarehe 11 Agosti 1973, mtaa wa Bronx, New York, kijana mzaliwa wa Jamaika aitwaye Clive Campbell, ambaye dunia inamjua kama DJ Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe iliyoandaliwa na dada yake Cindy. Cindy alikuwa anatafuta hela ya nguo za shule. Wasichana walilipa senti 25, wavulana 50. Herc alikuwa ameshaona kwamba wachezaji wanavumilia wimbo mzima wakisubiri kipande kimoja, pale mwimbaji anaponyamaza na ngoma na besi zikabaki zenyewe. Akachukua nakala mbili za santuri ileile ili akirefushe kipande hicho. Hip hop inahesabu kuzaliwa kwake tangu usiku ule, na ugunduzi wenyewe ulitokana na kutazama miguu ya watu waliolipa kiingilio.

Huku kwetu kipande kinachosubiriwa kina jina lake, sebene. Mzee aliyekaa kona ya baa hana haraka na beti za mwanzo za rumba. Anazisikiliza huku akiongea habari za kahawa na mashamba. Gitaa la solo likipanda, anaweka glasi chini. DJ anayekata wimbo dakika ya pili kwa sababu ana ngoma nyingine 63 za kuonyesha ameondoka na sebene ya mzee, na baada ya nyimbo mbili za namna hiyo mzee naye anaondoka, pamoja na meza yake yote. Ndiyo maana nakwambia demo iwe ya nusu saa na iwe ya saa moja maalumu, ndani ya baa moja unayoijua. Chagua baa. Kaa pale na soda, tazama nani anaingia saa mbili, nani anainuka saa nne, wimbo gani uliwarudisha waliokuwa wanatafuta funguo za gari. Kisha rekodi nusu saa ambayo ingewafaa watu hao, siku hiyo, saa hiyo. Ukienda baa nyingine, rekodi nyingine. Ni kazi, ndiyo; lakini flashi moja iliyokusudiwa ina nafasi kubwa kuliko 20 zilizosambazwa kama vipeperushi vya mganga.

Ndani ya nusu saa hiyo unaweza bado kuonyesha ufundi, ila uwe ufundi unaotatua shida ya mwenye baa. Shida kubwa ya mikoa hii inakuja Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi. Meza moja ina meku, yaani mzee, aliyebaki mgombani na mjukuu aliyetoka Dar es Salaam na masikio ya singeli. Amapiano inatembea kwenye mapigo 110 hadi 115 kwa dakika. Singeli inaanzia kama 200 na kupanda zaidi. Anayeruka kutoka huku kwenda kule bila hesabu anawaangusha wachezaji. Lakini ukiwa na amapiano ya 112 na singeli ya 224, kila pigo la ya kwanza linabeba mawili ya ile ya pili, na mguu unavuka bila kushtuka. Weka mvuko mmoja wa namna hiyo kwenye demo. Mangi hatajua umefanyaje, ila atagundua kwamba hakuna aliyekaa. Na flashi hiyo ipeleke Oktoba au Novemba, wakati mwenye baa anaanza kuwaza nani atamsaidia msimu ukifika. Januari anahesabu chupa tupu.

Kuhusu usafi wa sauti sitasema mengi. Nyimbo ulizopakua bure, zile ambazo katikati ya kiitikio mtu anatamka jina la tovuti, zitoe. Taa nyekundu kwenye mixa maana yake sauti inapasuka, na kwenye spika kubwa mpasuko huo unatoboa masikio. Jina lako litajwe mara mbili, mwanzo na mwisho. Bunduki waachie JWTZ.

Najua utaniambia: Mjomba, nikipiga wanachotaka watu tu, nimebaki nini? Nitakuwa mashine. Hapana. Kujua watu wanataka nini na kujua lini uwape ni vitu viwili, na cha pili ndicho adimu. Clouds FM, kabla haijawa redio, ilikuwa disko la kijana Joseph Kusaga. Vyombo vinanunulika, mtaji aliotoka nao kwenye disko akaupeleka hewani ni kujua namna ya kumzuia msikilizaji asiondoke. Na usisahau kwamba Club Bilicanas, iliyotawala usiku wa Dar es Salaam kwa miaka mingi, ilikuwa mali ya Freeman Mbowe, mtu wa Machame, aliyekuwa pia mbunge wenu wa Hai. Watu wa mlimani wameihesabu klabu kama biashara muda mrefu. Ukimkuta mangi anaitazama demo yako kama mzigo wa duka, usimwone mshamba.

Utaongeza kwamba kazi hizi zinatolewa kwa kujuana. Zinatolewa hivyo, kwa kiasi kikubwa. Ila shemeji wa mwenye baa akipiga Ijumaa mbili na kaunta ikalala, Ijumaa ya tatu undugu unahamia kwenye kulinda magari. Demo yako isubiri Ijumaa hiyo ikiwa tayari kwenye droo ya juu ya mwenye baa.

*Mjomba, kuna DJ mwenzangu wa Moshi mjini anasema anayetumia kitufe cha kulinganisha kasi si DJ, ni fundi kompyuta. Mimi nakitumia. Tangu aliposema sijalala vizuri. — Mwenye Kitufe*

Lala, mdogo wangu. Hakuna mteja aliyewahi kuinuka kwenye kiti akisema DJ huyu amebonyeza kitufe. Kwa hoja ileile niliyompa mwenzako wa Kwa Sadala, kinachohukumiwa ni kama watu wamebaki. Hata hivyo huyo DJ wa Moshi mjini amegusa jambo la kweli bila kukusudia. Nyimbo za sasa zinatengenezwa kwa kompyuta na kasi yake haitingishiki, kwa hiyo kitufe kinafanya kazi. Zilipendwa zilipigwa na binadamu. Mpiga ngoma wa bendi alipopandwa na mori kwenye sebene, bendi nzima ilikwenda naye, na wimbo ulioanza taratibu ukaishia mbio. Programu mara nyingi inadhani kasi ni moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiiamini hapo, ngoma mbili zitakwaruzana kama gia za daladala kwenye mlima. Baa ya Moshi bila zilipendwa inapoteza wazee, na wazee ndio wanaolipa kwa noti bila kuomba chenji. Kwa hiyo jifunze kulinganisha kwa sikio kwa ajili yao, si kwa ajili ya mwenzako. Ukishindwa, acha wimbo uishe, subiri, ingiza mwingine. Hilo pia ni kupiga muziki.

Na kama unatafuta pa kuweka demo yako mtandaoni, sikiliza hili. Mixcloud ya London ilianzishwa kwa ajili ya miksi ndefu za namna hii na ina makubaliano ya leseni na wenye muziki, kwa hiyo si rahisi ukute kazi yako imefutwa siku mwenye klabu anapoitafuta.

*Mjomba, mimi ni mwenye baa. Nina droo imejaa flashi za hawa vijana. Sizisikilizi, kwa sababu demo inaweza kupikwa wiki nzima nyumbani, kumbe mtu mwenyewe jukwaani hawezi. Nifanyeje? — Mangi Mwenye Droo*

Mangi, una haki ya kushuku. Rekodi inasahihishwa, usiku hausahihishwi. Lakini kuna kitu kisichopikika: kama kijana ameitengeneza demo kwa ajili ya baa yako. Chomeka flashi yoyote, sikiliza dakika tano tu, ukijiuliza kama ni wateja wako unaowaona humo au ni wa Ibiza. Itakayopita, mpe mwenye nayo Jumanne au Jumatano, saa mbili hadi nne, siku ambayo huna cha kupoteza, na linganisha daftari la kaunta na Jumanne iliyotangulia. Zilizobaki warudishie wenyewe. Flashi ina bei. Na huyo wa Jumanne mlipe. Soda na chipsi si malipo, hata kama ameshakula.