Ramani ya Fisi

Fisi wa Milima ya Iveti alipopewa kazi ya kuandika jiografia na historia ya nchi ya wanyama, hakutoka hata pangoni. Aliagiza karatasi, wino mwekundu na mbuzi mmoja. Mbuzi, alisema, ni wa utafiti. Juma halijapita, mbuzi alikuwa ameisha na nchi ilikuwa tayari.

Wakakusanyika chini ya mkuyu kuitazama. Katikati ya ramani palikuwa na mji mkuu, ambao ni pango lake. Mbele yake ziwa.

"Bwana Mwandishi," Kobe akauliza, "hili ziwa liko wapi?"

"Litachimbwa."

"Na huu mto, mbona unapanda mlima?"

"Mzee Kobe, hujafika Kyamwilu? Mwaga maji barabarani pale uone yanakoelekea."

Wote kimya. Watu hutoka Nairobi na chupa zao kuja kumwaga maji Kyamwilu, na macho yao huwaapia kwamba yanapanda. Fisi si mjinga. Uongo wake huupandikiza palipokwisha kuota ajabu.

Mbuni akasukuma wenzake. Alitaka kwanza jina la nchi litajwe kuwa ni lake. Wakamba waliuona ule mlima wa mbali, theluji nyeupe juu ya mawe meusi, wakasema ni manyoya ya mbuni dume, wakauita Kiinyaa. Mmisionari Krapf alipofika Kitui kwa Mzee Kivoi mwaka wa 1849 akalisikia jina hilo, na baadaye nchi nzima ikalivaa. Tangu hapo Mbuni haitiki mpaka aitwe Mheshimiwa. Fisi akaandika pembeni: "Mbuni: kuku wa kienyeji, mkubwa kiasi."

Kunguru akakumbusha kwamba hata Machakos ni jina la Mzee Masaku lililopindwa na ndimi za wageni, na kwamba makao ya serikali yalikuwa hapa kabla reli haijapita mbali kule mbugani, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na wakubwa wakafunga virago kuifuata. Fisi akatia nukta ndogo. "Nairobi: kitongoji cha pango."

"Na mwaka wa 1938?" Huyo alikuwa Ng'ombe, mzee, pembe moja. "Serikali ilisema sisi ndio tunaoimaliza ardhi. Tukakamatwa tukapigwa mnada. Watu wakaenda na kiongozi wao Muindi Mbingu Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, wakapiga kambi kutudai. Yeye akahamishiwa Lamu. Umeandika nini?"

Fisi akafunua ukurasa. "Nimeandika: 'Mwaka wa 1938 mifugo ilisafiri.'"

Mama Fuko, aliyekuwa amefika na kikundi chake cha mwethya, cha kusaidiana kazi, udongo ungali kuchani, alikuwa akiitazama ramani kwa muda mrefu. Haoni vizuri, kwa hiyo aliipapasa.

"Mwanangu, kilimani kwetu kuna mistari. Hapa siioni."

"Mistari gani?"

"Matuta. Tunachimba mtaro kukingama mteremko, udongo tunautupa upande wa juu. Ndiyo fanya juu. Mvua ikija na udongo wake inagota kwenye ukingo, unatulia. Miaka ikipita shamba linajisawazisha lenyewe. Miaka ya 1930 wataalamu walikiandika kilima hiki kama maiti. Mpaka 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na mahindi haya hapa."

Fisi aliinama akachungulia karatasi yake. "Ah, hiyo! Nilidhani ni mikunjo. Nimeipiga pasi."

Mvua haikusubiri mkutano ufungwe. Ziwa lilipata maji kwa mara ya kwanza, likafurika, likauzoa mto uliokuwa ukipanda, na mji mkuu ukamtiririkia Fisi mkononi hadi kwenye kiwiko, mwekundu. Alipoinua kichwa kudai karatasi nyingine na mbuzi wa pili, chini ya mkuyu amebaki Mbuni tu, anangoja kuitwa Mheshimiwa. Wengine walikuwa kilimani, wameinama mtaroni, na udongo unaruka kwenda juu.